Chini, Katikati na Juu

Mjomba wangu alikuwa na neno moja la kuingilia nyumba za watu. Wengine hupiga hodi, wakaulizana hali, wakasifia mapazia. Yeye alisimama mlangoni na brashi zake begani akasema, "Zima." Maana yake moto uzimwe sasa hivi, hata kama sufuria imeshaanza kutokota, kwa sababu dohani haisafishwi huku moto unawaka chini yake. Basi mtaa mzima ukamwita Mzee Zima. Watoto walimwimbia hivyo akipita, naye aliitika bila kinyongo, ingawa bibi yangu alikuwa amempa jina zuri tu.

Mji wetu ni wa baridi. Nyumba zimebanana, nyingi za ghorofa moja, na kila paa lina dohani ya matofali inayotoa moshi kuanzia alfajiri. Kuni zetu mara nyingi ni mbichi, na kuni mbichi hujaza dohani masizi mazito yanayonata na kung'aa kama lami. Masizi hayo yakishika moto hutasikia mlio wa kuni tena, utasikia ngurumo ndani ya ukuta, na hapo ndoo yako ya maji haina kazi. Watu wanalijua hilo. Wanalijua, kisha wanakaa mwaka baada ya mwaka bila kumwita msafishaji, kwa sababu dohani iko juu na macho yao yako chini. Mjomba alikuwa akisema kwamba binadamu huogopa nyoka ambaye hajamwona maishani mwake, halafu analala ukuta mmoja na moto.

Kazi yake niliijua tangu nikiwa mdogo, maana aliishi nasi nyumba ya jirani na mama yangu ndiye dada yake wa pekee. Alitandika shuka kuukuu mbele ya jiko ili asichafue nyumba ya watu. Akapanda paani na kamba yenye kipande cha chuma na brashi ya waya, akasugua kutoka juu kwenda chini. Akashuka, akaingiza kioo kidogo kwenye mdomo wa dohani na kutazama kama anaiona mbingu. Hapo wasafishaji wengine hukusanya masizi yao kwenye gunia wakaenda zao. Mjomba hakuondoka. Aliwasha nyasi zilizolowana, akaziba dohani kule juu kwa gunia la maji, kisha akazunguka chumba kimoja baada ya kingine akinusa, akigusa ukuta kwa nyuma ya kiganja, akitafuta mahali moshi unapojipenyeza. Chini, katikati na juu, ndivyo alivyosema, na katikati ndiko kwenye hatari kwa sababu hakuonekani. "Dohani ni kama mtu," alisema. "Anaweza kukuchekea mdomoni na kiuno kimevunjika."

Na katikati ya dohani, katika nyumba zetu, ni chumba cha kulala. Kwa hiyo Mjomba aliingia vyumba vya kulala vya mji mzima. Wanawake walikimbia mbele yake kukusanya nguo, wanaume walikohoa na kujifanya hawana habari. Alisogeza vitanda, akasogeza makabati. Nyuma ya kabati la fundi cherehani mmoja, ambaye mkewe aliamini ameacha pombe, alikuta chupa nzima. Aligusa ukuta, akairudisha chupa mahali pake, akarudisha na kabati, wala hakumtazama mtu usoni. Alikuwa na macho ya ukuta tu. Ndiyo maana walimwamini. Walimtania kwa ile methali ya ufa na ukuta mpaka akaichoka, lakini walimfungulia milango.

Mke wa Mjomba alifariki kwa ugonjwa wa kifua binti yao akiwa bado ananyonya. Kuna watu waliosema ni masizi aliyokuwa akiyaleta nyumbani kwenye nguo. Watu wana midomo. Tangu hapo alivua nguo za kazi nje, kwenye kibanda, hata mvua ikinyesha, akaoga maji ya baridi kabla ya kumshika mtoto. Mama yangu alimlea yule mtoto pamoja nami, tukala sahani moja, tukagombana, tukasukana. Kwa hiyo nikisema binamu yangu nahesabu maneno tu, kwa moyo ni ndugu yangu wa tumbo moja.

Binamu alipendwa na kijana wa kiwanda kidogo cha mikate cha mtaa wa juu. Baba wa kijana alishakufa, na aliyeshika kila kitu alikuwa mama yake, mwanamke mrefu, mkimya, msafi kupita kiasi, ambaye wateja walimwita Mama Mikate. Tulipokwenda kujulishana alitukaribisha vizuri, akatutengenezea chai mwenyewe. Kisha, kabla Mjomba hajakaa, akachukua gazeti na kulitandika juu ya kiti.

Alilitandika kama mtu anayetandika kitambaa kwa mgeni wa heshima, na huenda hata hakukusudia ubaya. Mjomba alikuwa ameoga, amevaa koti la kuazima na shati jeupe. Alilitazama lile gazeti, akakaa juu yake, akanywa chai, akashukuru. Mama yangu alilia njia nzima kurudi nyumbani. Mimi nilitukana. Mjomba alisema tu kwamba mkwe ni mkwe, na binti yake ndiye atakayekaa mle ndani, si sisi.

Tangu siku ile alikuwa na adabu ya kutisha kwa yule mwanamke. Akienda kumwona binti yake alisimama uani, au akaishia sebuleni, tena ukingoni mwa kiti. Hakumtazama mkwe wake machoni. Hakuwahi kukanyaga ngazi ya kwenda juu. Mimi nilikuwa nimepata kazi ya kuuza mikate pale mbele, kwa sababu ya ndoa hiyo hiyo, na nilimwona mara nyingi akisubiri kando ya mlango wa nyuma kofia mkononi, mtu ambaye mji mzima aliuamuru uzime moto. Nilikuwa nikimwambia heshima si utumwa. Alinijibu kwamba nitaolewa nami niyaone.

Binamu akapata mtoto wa kike. Mama Mikate, ambaye tulidhani hana moyo, alipagawa na mjukuu. Mchana wote mtoto alikuwa naye chumbani kwake juu, kile chumba kilichopitiwa na dohani ya tanuri. Magoti yalikuwa yanamsumbua bibi yule, na chumba kile kilikuwa na joto zuri kuliko vyote. Ukuta wenyewe ulikuwa na joto. Alikuwa amesimamisha pale kabati lake kubwa la mbao aliloachiwa na marehemu mumewe, akalijaza blanketi na shuka, na nguo za mtoto zilitoka mle zikiwa na vuguvugu kama zimetoka kupigwa pasi. Binamu aliniambia habari hiyo akiisifia. Nami nikaona ni jambo zuri.

Biashara ilikuwa imekua. Walikuwa wanachoma mikate asubuhi na tena mchana, na kuni kavu zikawa adimu, wakaanza kutumia mabaki ya mbao yenye rangi na gundi. Binamu ndiye aliyemwomba mumewe amwite Mjomba akague dohani. Mume alikubali. Mama Mikate naye alikubali, akasema afadhali mtu wa nyumbani kuliko mtu baki.

Siku yenyewe Mama Mikate hakuwepo. Alikuwa amekwenda kumjulia hali dada yake mgonjwa, akamchukua na mjukuu, na mume naye alikuwa ameondoka kutafuta unga. Mjomba alifika, akasema neno lake, wachomaji wakalizima tanuri na kutoka nje kuvuta sigara. Alisugua dohani ile mpaka shuka lake likafunikwa na magamba meusi yenye kung'aa. Nilimwona akiyashika, akiyavunja kwa vidole, akitikisa kichwa. Kisha akaziba juu, akawasha nyasi mbichi, akapiga magoti mbele ya tanuri kuona moshi unavyorudi. Ukarudi. Lakini ulirudi kivivu, kama uliopata upenyo mwingine njiani, na mzee alikaa pale kwa magoti kitambo kuliko kawaida yake.

Aliinuka, akaja mpaka chini ya ngazi, akasimama. Mimi nilikuwa nyuma ya meza yangu ya mikate, mlango uko wazi, namwona mgongo. Binamu alikuwa kando yake. Mjomba aliweka mkono juu ya mbao ya ngazi, akautoa, akaupangusa kwenye suruali kana kwamba tatizo ni uchafu.

"Mwanangu, panda wewe," alisema. "Sogeza kabati la mkwe, angalia ukuta kama unatoa moshi. Mimi siwezi kuingia mle."

Binamu alipanda. Tulimsikia akitembea juu, kisha kimya, kisha akashuka. Alisema hakuna moshi. Mjomba akamuuliza kama amesogeza kabati, naye akasema amesogeza. Wachomaji walikuwa wameanza kugonga mlango, kwa sababu unga wa mchana ulikuwa umeumuka na usingesubiri, na Mama Mikate akirudi akute unga umeharibika ingekuwa maneno. Mjomba alitazama juu ya ngazi tena. Baadaye nilijiuliza sana alikuwa akifikiria nini dakika ile, yeye aliyesogeza makabati ya mji mzima. Mganga hajigangi, wanasema. Akafunga kamba zake, akamwambia mkuu wa wachomaji wasitumie mbao za rangi tena, akaondoka.

Walizitumia tena mbao za rangi. Hilo nalo liandikwe.

Moto ulitokea mchana, majira ya baridi yakiwa yamekaza. Mama Mikate alikuwa amejilaza juu na mtoto. Mimi nilikuwa nafunga mkate wa mteja, nikasikia harufu ambayo si ya mkate, na kabla sijamaliza kufunga, vioo vya dirisha la juu vikaanguka barabarani. Binamu alikuwa uani akifua. Alipita mbele yangu mbio na mikono yenye povu, akapanda ngazi ndani ya moshi, nami nikamfuata mpaka katikati, kifua kikanibana nikakaa chini. Akarudi ananikanyaga, amebeba furushi la blanketi. Ndani ya blanketi mtoto alikuwa anakohoa. Alimkuta ukumbini, nje ya mlango wa chumba cha bibi, na mlango umefungwa.

Huo mlango ulifungwa na Mama Mikate kwa mkono wake. Nimeusikia uchambuzi wa watu wengi, lakini mimi naona hivi: yule mwanamke aliamka kabati limeshawaka, magoti hayana nguvu, akajikokota na mtoto mpaka mlangoni, akamsukuma nje, akavuta mlango ili moshi usimfuate. Alikutwa amekufa nyuma ya mlango huo. Nilimchukia kwa ajili ya gazeti lile, na sasa sina pa kuipeleka ile chuki.

Mjomba siku ile alikuwa juu ya paa la nyumba nyingine, upande wa pili wa mji. Aliweza kusoma moshi kama wengine wanavyosoma mawingu. Mweupe ni unyevu, wa kijivu ni kuni, wa rangi ya udongo ni nyumba yenyewe inaungua. Mtu aliyekuwa akimshikia ngazi alisema kwamba mzee alinyoosha kichwa, akautazama moshi wa mtaa wa juu, akashuka bila kugusa vipandio vyote. Alifika paa limeshaingia ndani. Alisimama barabarani na brashi begani, na watu wakampisha, wakaacha nafasi pande zote.

Baada ya mazishi ukoo wa mume uliitisha kikao, kwetu, kwa kuwa kwao hapakuwa na pa kukaa. Mkubwa wao alikuwa kaka wa marehemu baba wa mume, mtu wa sauti nene ambaye hakuwahi kuipenda ndoa ile. Watu wa zimamoto walikuwa wameshamweleza kwamba dohani ilikuwa na ufa chumbani, nyuma ya kabati, na kwamba mbao za kabati ziliiva pole pole kwa muda mrefu mpaka zikashika moto. Sasa alitaka kujua mambo mawili tu. Dohani ilikaguliwa? Ikaguliwe vipi na ufa usionekane?

Mume wa binamu alikuwa amekaa kando ya mlango, kichwa chini. Binamu alikuwa na mtoto mapajani. Usiku uliotangulia alikuwa ameniambia kitu, na nilikuwa nimekibeba tangu asubuhi. Aliniambia kwamba siku ile ya ukaguzi hakusogeza kabati. Hata chumbani hakuingia. Alisimama kwenye kizingiti, akanusa, akaona ni harufu ile ile ya siku zote, akashuka. Mama mkwe hakuwepo, angewezaje kushika kabati lake, kabati la marehemu, lenye siri zake za mwanamke mtu mzima? Na angewezaje kumwambia baba yake kwamba ameogopa?

"Nauliza," alisema yule mkubwa. "Chumba cha shemeji yangu aliangalia nani?"

Binamu aliinua uso. Niliona midomo yake inafunguka. Na Mjomba, ambaye alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na ukuta, akatangulia.

"Niliangalia mimi," alisema. "Niliingia, nikasogeza kabati, sikuona ufa."

"Wewe uliingia chumba cha kulala cha mkwe wako? Mwenyewe hayupo?"

"Niliingia."

Chumba kizima kikaguna. Wanawake wa upande wao walivuta nguo zao karibu na miili yao. Mzee mmoja alisema astaghafiru, mwingine akatema mate nje ya dirisha. Binamu alianza kusema, baba, lakini Mjomba akamgeukia na kumwambia amnyamazishe mtoto, na mtoto hakuwa analia. Kisha akanitazama mimi. Mji mzima unajua kwamba Mjomba hakuwa akitazama watu machoni, basi akikutazama unaelewa. Nikafunga mdomo.

Walimtenga. Hawakumpiga wala hawakumshtaki, walimwambia tu asisogelee tena nyumba yao, wala mjukuu, na binamu akabaki kwenye ndoa yake, mke mwema wa watu aliyeokoa mtoto motoni. Ukiyapima kwa mizani ya Mjomba, alikuwa amepata alichokitaka. Mimi mizani yangu ni nyingine.

Habari ilizunguka mji mzima, na haikuzunguka kwamba dohani ilipasuka. Ilizunguka kwamba Mzee Zima huingia vyumba vya wanawake wenyewe hawapo. Milango iliyokuwa ikifunguka ikaanza kujibu kupitia tundu la ufunguo. Yule fundi cherehani wa chupa aliapa kwamba siku zote alimshuku. Brashi zikaning'inia kibandani, waya ukashika kutu. Asubuhi Mjomba alivaa koti lake, akatembea barabara za juu na za chini, kichwa nyuma, akitazama moshi wa dohani za watu. Akiona wa rangi mbaya alibisha hodi na kuwaambia wazime. Wengine walimfungia mlango usoni. Wachache, nadhani, walizima alipoondoka.

Walijenga upya pale pale, juu ya msingi ule ule, ngazi mahali pale pale. Mimi walinirudishia kazi yangu mbele. Binamu alikuwa akiniletea kitambaa chenye mkate wa moto, nampelekea baba yake, na mtoto alipojifunza kuchora nikampelekea na michoro. Alikuwa akiigeuza geuza, akiuliza kwa nini nyumba zote mtoto anazochora hazina dohani. Nilimwambia watoto ndivyo wanavyochora. Hakuniamini, na alikuwa sahihi.

Kifua kilimmaliza, kama kilivyommaliza mkewe. Alikufa kimya, amekaa kitako kitandani kwa sababu kulala kulimkaba. Mume wa binamu alikuja mazishini, na hata yule mkubwa alituma salamu. Tulipomaliza na watu kutawanyika, tulirudi kwenye nyumba ya mikate, mimi na mumewe, binamu katikati. Chini ya ngazi akasimama. Alikuwa hajalia siku nzima.

Alimwambia mumewe yote. Kizingiti, kabati, uongo wake, uongo wa baba yake. Aliyasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetoa hesabu ya mikate. Alipomaliza akasema kama anataka kumrudisha kwao, kwao sasa ni nyumba tupu, lakini atakwenda.

Mumewe alikuwa anafungua vifungo vya koti. Hakuacha kuvifungua.

"Nilijua," alisema. "Nilijua pale pale kwenye kikao. Mzee yule asingeingia chumba cha mama hata nyumba ingekuwa inaungua."

"Ukanyamaza."

"Baba mkubwa alitaka mtu. Ningempa nani, wewe?"

Nilikuwa nimejiandalia matusi ya miaka, nikayaacha. Mtu mmoja alibeba, na wote tuliomzunguka tulijua mzigo si wake, kila mmoja akidhani anajua peke yake.

Binamu akapanda juu. Tulimsikia akiingia chumba kile kinachopitiwa na dohani, ambacho sasa ni chake na mumewe, kisha tukasikia kabati linakokotwa, kidogo, linakwama, linakokotwa tena. Mumewe alisimama chini ya ngazi, mkono juu ya mbao. Nikamwambia apande akamsaidie, kabati ni zito. Akapanda.